Kuunganisha relei za ulinzi kwenye mtandao wa Etheneti: mwongozo kamili kwa mafundi wa Lubumbashi na Katanga

Kwenye kabine (vyumba vya kugawia umeme) za viwanda vya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi utakuta relei za kidijitali (vifaa vinavyogundua hitilafu ya umeme na kuamuru breka ikate) za bei kubwa zinazolinda vizuri, lakini poti zake za Etheneti (mtandao wa kebo) bado zimezibwa na kifuniko cha plastiki kilichotoka nacho kiwandani. Mota ya pampu ikikata usiku, fundi anaamshwa, anapanda gari, anafika kabine, anainama mbele ya skrini ndogo na kubonyeza vishale huku akinakili kwa kalamu: awamu A, amperi kadhaa, saa fulani. Taarifa hizo zote, pamoja na mchoro wa mawimbi ya mkondo, zingeweza kusomwa ofisini kupitia kebo moja.

Mwongozo huu ni kwa fundi anayejua ulinzi wa umeme lakini hajazoea mambo ya mtandao. Mifano mingi nimeitoa kwenye relei ya SEL-751, maana inapatikana sana na amri zake ni rahisi kuonyesha kwa maandishi. Mwenye ABB, Siemens au Schneider atabadilisha programu na majina ya vipengele, lakini mpangilio wa kazi ni uleule.

Kabla hatujagusa chochote: relei hukata breka kupitia kontakti yake na waya wa shaba unaokwenda kwenye koili. Mtandao ukifa, kebo ikikatwa, swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) ikiungua, relei lazima iendelee kulinda kama kawaida. Ukiona mchoro ambamo ulinzi wa msingi wa laini unategemea kebo ya Etheneti bila njia ya akiba, simamisha kazi umuulize injinia aliyeuchora.

Anza na karatasi

Fungua Excel, tengeneza jedwali lenye safu hizi: namba ya seli (kabati la breka), jina la relei, modeli, namba ya mfululizo, anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao, iko kwenye kibandiko), anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao), maski ya mtandao (huonyesha anwani zipi ziko mtandao mmoja), getwei (mlango wa kwenda mitandao mingine), swichi na poti inayoingia, itifaki (lugha za mawasiliano) zitakazotumika. Jaza yote kabla ya kuwasha laptopu. Anayepanga anwani akiwa amesimama mbele ya seli huishia kuwa na anwani mbili zinazofanana, na hilo hujulikana miezi baadaye.

Chukua mfano wa kabine ya 6,6 kV yenye seli 12, kwenye kiwanda kilicho barabara ya Kipushi. Mtandao tunaupa 10.20.6.0, maski 255.255.255.0. Getwei inakuwa 10.20.6.1, swichi zinaanzia .2 hadi .9, relei zinafuata namba za seli: seli ya 1 ni .11, seli ya 2 ni .12, mpaka seli ya 12 ambayo ni .22. Kompyuta ya kituo ni .200, RTU (kifaa kinachokusanya taarifa za relei na kuzipeleka kontroli) ni .201, saa ya GPS ni .210, na laptopu za mafundi zina nafasi zao kuanzia .240 hadi .249. Seli ya 7 ikinyamaza, mtu wa zamu anajua papo hapo kuwa anatafuta 10.20.6.17, bila kufungua faili lolote.

Epuka 192.168.1.x na jamaa zake. Ruta za ofisini na za nyumbani hupenda anwani hizo, na relei nyingi hutoka nazo kiwandani: SEL-751 huja na 192.168.1.2, ABB REF615 huja na 192.168.2.10 kwenye poti ya nyuma na 192.168.0.254 kwenye poti ya mbele. Ukichomeka relei sita mpya za aina moja kwenye swichi kwa wakati mmoja, zote sita zitajibu kwa anwani moja na utashindwa kujua unaongea na ipi. Ndiyo maana relei hupewa anwani moja baada ya nyingine, kabla ya kuunganishwa kwenye swichi.

DHCP (mtandao kugawa anwani wenyewe) usiitumie kwa relei. Anwani iwe ya kudumu, iliyoandikwa kwa mkono.

Getwei ina kanuni moja: lazima iwe ndani ya mtandao uleule wa relei. Kama kabine haina ruta, fuata kitabu cha relei yako kuhusu thamani ya kuacha pale. Usibuni anwani ya kujaza nafasi tu.

Angalia relei uliyonayo kweli

Relei mbili zinaweza kufanana usoni kama mapacha, moja ikawa na Etheneti na nyingine haina. Ukweli uko kwenye msimbo wa oda ulioandikwa kwenye kibandiko cha pembeni au nyuma. Usome herufi kwa herufi ukiwa na kitabu cha modeli hiyo: kuna kadi ya Etheneti au hakuna? Poti moja au mbili? Shaba au faiba? IEC 61850 (kiwango cha mawasiliano ya vituo vya umeme) ililipiwa? Hiyo ya mwisho huwatesa watu, kwa sababu kwa watengenezaji wengi IEC 61850 ni chaguo linalonunuliwa, na hakuna ujanja wa laptopu utakaoileta kama haikulipiwa. Relei zilizonunuliwa mtumba, zile zinazopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, bila karatasi zake, zikague mara mbili.

Andika pia toleo la programu ya ndani ya relei. Utalihitaji ukichagua faili la maelezo ya kifaa, na utalihitaji ukipiga simu kwa mtengenezaji.

Kebo, faiba na mahali pa kuchukulia umeme wa swichi

Kebo ya shaba yenye plagi ya RJ45 inafaa ndani ya chumba kimoja, na haivuki mita 100. Nunua yenye kinga ya foili. Mjini zinauzwa kebo za alumini iliyopakwa shaba kwa juu, zikiwa zimeandikwa Cat6 kwa herufi nzuri. Kwangua waya mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Kebo hiyo itafanya kazi siku ya kwanza, kisha mtetemo wa mitambo na joto vitaivunja ndani kwa ndani.

Kutoka jengo moja hadi jingine tumia faiba, hata kama ni mita 30. Sisi wa Katanga tuna radi za kutosha kuanzia Novemba hadi Machi, na radi ikipiga karibu, ardhi ya jengo hili na ardhi ya jengo lile haziwi na volti sawa. Kebo ya shaba inayounganisha majengo hayo inageuka njia ya mkondo huo, na mwisho wa njia ni kadi ya Etheneti ya relei yako. Faiba ni kioo, haipitishi umeme.

Kwa faiba, angalia vitu vitatu. Aina: poti ya 100BASE-FX ya kawaida hutumia faiba ya maltimodi, 62,5/125 au 50/125, na hufika kama kilomita 2, ikiwa kituo kiko mbali zaidi, agiza poti za singomodi mapema, na usichanganye aina hizo mbili kwenye kiungo kimoja. Mwelekeo: TX (kutuma) ya huku iingie RX (kupokea) ya kule; taa ya kiungo isipowaka, geuza nyuzi mbili kabla ya kulaumu kitu kingine. Usafi: vumbi jekundu la huku likikaa kwenye ncha ya LC (plagi ndogo ya faiba) linatosha kuua mwanga. Vifuniko vibaki mahali pake hadi dakika ya kuchomeka, na ncha isafishwe kwa kalamu ya kusafishia faiba, kamwe si kwa shati.

Sasa umeme wa swichi. Relei inakula kwenye betri za kituo, kwa mfano volti 110 za mkondo mnyoofu. Swichi nayo ikae kwenye betri hizohizo, kwa fyuzi yake. Swichi ya dukani yenye adapta ya volti 220 itazimika kwenye delestaji (umeme kukatwa kwa zamu), yaani dakika ileile unayotaka kujua nini kimetokea. Relei itakuwa hai, ina rekodi yote, na hakuna anayeisikia. Nunua swichi ya viwandani inayokubali volti za betri yako, isiyo na feni, na inayoweza kusimamiwa.

Ruhusa, kisha nakala

Pata kibali cha kazi. Hata kama unabadilisha mawasiliano tu, baadhi ya relei hujiwasha upya baada ya kupokea faili jipya, na katika sekunde hizo hazilindi. SIPROTEC 5, kwa mfano, hujiwasha upya ikipakiwa usanidi mpya kutoka DIGSI 5. Kwa hiyo mwambie mtu wa kontroli ni seli ipi, saa ngapi, na ulinzi gani wa akiba utakuwa unashika. Kontakti ya alarmu ya relei itabadilika na taa itawaka kwenye paneli. Afadhali ajue mapema.

Soma mipangilio yote iliyopo, uihifadhi kwenye faili lenye jina la seli na tarehe. Pakua pia matukio na rekodi za hitilafu. Kwenye relei ya zamani hizo rekodi ndizo historia ya mota, na wewe ndiye utakayeulizwa zilienda wapi.

Kuongea na relei mara ya kwanza

Tumia poti ya mbele. Kwa SEL-751 ni poti ya siriali: kebo ya mtengenezaji kutoka USB kwenda siriali, programu yoyote ya terminali, kasi 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Bonyeza Enter. Ukipata alama ya `=`, relei imekusikia. Kisha:

`ACC` – inaomba neno la siri la kiwango cha 1, alama inageuka `=>`
`2AC` – inaomba neno la siri la kiwango cha 2, alama inageuka `=>>`
`SHO P 1` – inaonyesha mipangilio ya poti 1, ambayo ndiyo Etheneti
`SET P 1` – inaanza kukuuliza mpangilio mmoja mmoja

Neno la siri likikataliwa ingawa una uhakika nalo, angalia kibodi. Laptopu zetu nyingi ni AZERTY, na zilizoletwa kutoka upande wa Zambia au Afrika Kusini ni QWERTY. Windows ikiwa imewekwa mpangilio tofauti na vitufe unavyoviona, A inakuwa Q, Z inakuwa W, na M inahama kabisa. Na kwa kuwa relei huonyesha nyota tu, huoni kosa. Andika neno hilo kwanza kwenye Notepad ulione kwa macho.

Ndani ya `SET P 1` utakutana na anwani, maski na getwei. Kwa seli yetu ya 7 tunaweka 10.20.6.17, 255.255.255.0 na 10.20.6.1. Pita kwenye kila swali bila haraka. Enter peke yake inaacha thamani iliyopo. Mwishoni relei itauliza kama uhifadhi, jibu Y. Baada ya hapo andika tena `SHO P 1` usome kilichoingia kweli, kisha `ETH`, ambayo huonyesha hali ya poti za Etheneti.

Kwa ABB utatumia PCM600, kwa Siemens DIGSI, kwa MiCOM za Schneider Easergy Studio. Poti ya mbele ya REF615 ni RJ45 na hutoa anwani yenyewe kwa laptopu, kwa hiyo acha kadi ya laptopu ijipangie. Kwa hizi zote, usichanganye anwani ya mbele na ya nyuma: ya mbele ni ya fundi, ya nyuma ndiyo ya mtandao.

Poti mbili za nyuma: hapa ndipo mitandao huanguka

Relei nyingi za sasa zina poti mbili nyuma, na mtu akiona matundu mawili anachomeka kebo mbili. Kabla ya kufanya hivyo jua poti hizo zimewekwa hali gani, maana kebo mbili zilezile zinaweza kukupa akiba au zikaua mtandao wote wa kabine. Kwenye SEL-751 mpangilio huu unaitwa NETMODE.

Hali ya FIXED hutumia poti moja tu, nyingine imelala. Inatosha kwa kabine ndogo yenye swichi moja, na binafsi ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza.

FAILOVER ina poti mbili, moja inafanya kazi na nyingine inasubiri. Kebo ya kwanza ikikatika, ya pili inachukua. Kebo hizo ziende kwenye swichi mbili tofauti zilizounganishwa zenyewe kwa zenyewe. Zote mbili kwenye swichi moja ni akiba ya kebo tu, swichi ikifa umepoteza yote. Kwa viwanda vyetu vingi hii ndiyo njia yenye thamani kuliko gharama yake.

SWITCHED ni hali ambayo relei yenyewe inakuwa swichi ndogo: kinachoingia poti A kinatokea poti B. Watu huipenda kwa sababu unapanga relei kama shanga, kebo kutoka seli hadi seli, na unaokoa swichi. Shida ni mbili. Relei moja ikizimwa kwa matengenezo, zote zilizo nyuma yake zinapotea. Na mtu mwenye nia njema akifunga duara kwa kurudisha kebo ya mwisho kwenye swichi, pakiti za kutangaza (vipande vya data vinavyotumwa kwa vifaa vyote) huanza kuzunguka bila kukoma, zikiongezeka, hadi mtandao unajaa. Taa zote za swichi zinawaka bila kupepesa na hakuna relei inayojibu. Duara linakubalika pale tu vifaa vyote vilivyo ndani yake vinapotumia RSTP (itifaki inayozuia pakiti kuzunguka), na hilo unalithibitisha kwenye kitabu cha kila relei. Usilidhanie.

PRP, iliyo kwenye kiwango cha IEC 62439-3, hutuma kila pakiti mara mbili kupitia mitandao miwili, A na B, na mpokeaji anachukua ya kwanza na kutupa ya pili. Kebo ikikatika hakuna hata pakiti moja inayopotea. Sharti lake ni gumu: mtandao A na B visikutane popote. Kebo moja ya "kusaidia" kati ya swichi ya A na ya B inavunja mpango wote. Paka rangi: kebo za bluu kwa A, za njano kwa B, na mkataze mtu yeyote kuleta kebo ya kijivu kabineni.

Swichi

Ipe anwani yake, badilisha neno la siri la kiwandani, zima poti zisizotumika, washa kikomo cha pakiti za kutangaza ili dhoruba ikianza poti moja isizame yote. Acha poti moja yenye lebo "Laptopu ya fundi", iliyofungwa kwa programu na kufunguliwa kwa kibali. Kama utatumia GOOSE (ujumbe wa haraka kati ya relei, nitaueleza chini), tengeneza VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi. Hayo yanatosha.

Itifaki: chagua chache, zima zilizobaki

Kila itifaki ina namba ya poti ya TCP au UDP (namba ya programu, si tundu la kebo), na ni vizuri kuzijua kwa kichwa maana ndizo utakazozifungua kwenye fayawoli (mlinzi wa mtandao): Modbus TCP 502, DNP3 20000, IEC 60870-5-104 ni 2404, MMS ya IEC 61850 ni 102, SNTP (ya kulinganisha saa) ni UDP 123.

Modbus TCP ndiyo rahisi. Makosa yake ni mawili tena yaleyale. La kwanza ni rejista (nafasi ya kuhifadhi thamani) kupishana kwa moja: kitabu kinaandika 40001, programu ya SCADA (ya kusimamia kituo kwa mbali) inahesabu kuanzia 0, na unasoma volti mahali pa mkondo. La pili ni thamani za biti 32 zilizogawanywa kwenye rejista mbili: mpangilio wa maneno ukiwa kinyume, mota ya amperi 85 itaonyesha mamilioni. Dawa ya yote mawili ni kusoma thamani moja unayoijua, ukilinganisha na skrini ya relei yenyewe, kabla ya kuingiza orodha nzima.

DNP3 ina anwani zake juu ya IP: namba ya mtumwa (relei) na namba ya bwana (anayeuliza) lazima zioane pande zote mbili, na relei nyingi pia huuliza IP ya bwana. IP ya RTU ikibadilishwa bila kuiambia relei, mazungumzo yanakatika ingawa ping (jaribio la kuuliza kama kifaa kipo) inajibu vizuri.

IEC 61850 inataka utulivu. MMS ni sehemu ya kusoma na kuamuru, na inapita kwenye IP kama nyingine. GOOSE ni kitu tofauti kabisa: haina IP, inaruka moja kwa moja kwenye Etheneti, aina 88B8, kwa anwani za kundi zinazoanza na 01-0C-CD-01. Kwa hiyo haivuki ruta, na hakuna ping itakayokuonyesha kama inafika. Relei hurudia ujumbe wake muda wote. Tukio likitokea hutuma mara moja, kisha hurudia kwa vipindi vinavyorefuka. Mpokeaji asiposikia ndani ya muda ulioandikwa kwenye ujumbe, anauhesabu umekufa.

Ili relei B imsikie relei A, vitu hivi vifanane pande zote: anwani ya kundi, APPID (namba ya utambulisho wa ujumbe), VLAN, jina la seti ya data na namba ya marekebisho ya usanidi. Ukibadilisha seti ya data kwenye A na usipakie upya faili la CID (usanidi wa relei moja) kwenye B, namba ya marekebisho inapishana na B inakataa ujumbe kimyakimya. Ndiyo maana GOOSE haifanywi relei moja moja kwa mkono: kituo kizima kiwe na faili moja la SCD (usanidi wa relei zote), mabadiliko yafanyike humo, kisha kila relei ipakiwe CID yake. Ukitaka kuona kama ujumbe upo hewani, chomeka laptopu kwenye poti ya swichi iliyowekwa kunakili trafiki, fungua Wireshark (programu ya kusoma pakiti), andika `goose` kwenye kichujio. Kwenye SEL amri ya `GOO` inakuonyesha inayotuma, inayopokea, na kosa la kila moja.

Ikiwa GOOSE inabeba amri ya kuzuia au kukata, kwenye mantiki ya relei inayopokea andika itafanya nini mawasiliano yakipotea. Kwa mfano kizuizi cha basiba (vyuma vikuu vinavyogawa umeme kwa seli): mawasiliano yakifa, kizuizi kiondoke na ulinzi ukate kwa ucheleweshaji wa kawaida. Uamuzi huo ni wa injinia wa ulinzi, usiuachie thamani ya kiwandani.

Idadi ya wateja wanaoweza kuongea na relei kwa wakati mmoja ni ndogo, na iko kwenye kitabu. SCADA, RTU na laptopu tatu zilizosahaulika zikiwa wazi, wa sita atakataliwa, na atasema mtandao ni mbovu.

Saa

Matukio ya relei tofauti hayana maana kama saa zao hazilingani. Washa SNTP, elekeza kwenye saa ya GPS ya kituo. SNTP hutoa UTC (saa ya kimataifa). Lubumbashi ni UTC+2, Kinshasa ni UTC+1, na nchi haibadilishi saa mwaka mzima. Kwa hiyo relei ya hapa ikipelekewa mipangilio iliyotengenezwa Kinshasa, itaonyesha saa moja nyuma, na ripoti ya kukatika kwa laini haitalingana na daftari la zamu. Kwa kampuni yenye vituo sehemu zote mbili, ningeacha relei zote kwenye UTC na kufanya hesabu kwenye ripoti. Kwa kiwanda cha hapa tu, weka +2 na uzime kipengele cha kubadili saa ya kiangazi.

SNTP inatosha kupanga matukio kwa milisekunde chache. Anayetaka usahihi wa maikrosekunde atafute IRIG-B au PTP, njia nyingine za kulinganisha saa.

Milango ya kufunga

Disemba 2015 wavamizi waliingia kwenye kompyuta za kampuni za usambazaji za Ukraine wakafungua breka kwa mbali. Wateja karibu 225.000 walikosa umeme. Mwaka uliofuata kituo karibu na Kyiv kilishambuliwa kwa programu iliyojua kuongea IEC 104 na IEC 61850, na ndani yake kulikuwa na kipande kilicholenga kadi za Etheneti za EN100 za relei za SIPROTEC: pakiti maalumu kwenye UDP 50000 iliiacha relei haijibu hadi iwashwe upya kwa mkono. Siemens walikuwa wameshatoa marekebisho mwaka 2015. Kwa hiyo swali la toleo la programu ya ndani, lile uliloliandika mwanzoni, lina kazi hapa pia.

Zima Telnet (kuingia kwa mbali bila usimbaji), FTP (kuhamisha faili) na ukurasa wa wavuti kama huzitumii. Ikiwa relei ina SSH (kuingia kwa mbali kwa usimbaji), tumia hiyo. Badilisha maneno yote ya siri ya kiwandani, maana yamechapishwa kwenye vitabu ambavyo kila mtu anapakua. Mtandao wa relei usishikane na wa ofisi isipokuwa kupitia fayawoli yenye orodha fupi ya nani anaongea na nani. Na ile modemu ya 4G ambayo mkandarasi aliichomeka "kwa wiki moja tu ili asaidie akiwa mbali", itafute nyuma ya paneli uiondoe. Akihitaji kuingia, apite VPN (njia iliyosimbwa ya kuingia kwa mbali) inayowashwa na mtu wa zamu na kuzimwa kazi ikiisha.

Kujaribu, na kinachoharibika

Weka laptopu 10.20.6.240, maski 255.255.255.0, zima Wi-Fi. Fungua dirisha la amri: `ping 10.20.6.17`. Windows ya Kifaransa ikikujibu "Impossible de joindre l'hôte de destination", laptopu haikupata kabisa MAC ya relei: angalia taa ya kiungo, kebo, VLAN ya poti, au anwani yako mwenyewe. Ikisema "Délai d'attente de la demande dépassé", tatizo huenda liko kwenye fayawoli au relei iliyowekwa isijibu ping. Kisha `arp -a`, inayoonyesha MAC ya kila anwani, ulinganishe MAC na ile iliyo kwenye jedwali lako. Zikitofautiana, kuna kifaa kingine kimeiba anwani. Chomoa kebo ya relei, piga ping tena, na kikiendelea kujibu fuatilia MAC hiyo kwenye jedwali la swichi ujue iko poti gani.

Ping ikijibu na SCADA haioni kitu, acha kebo, nenda kwenye itifaki: imewashwa? Namba ya poti? Anwani ya mtumwa? Wateja wamejaa? Kiungo kinachowaka na kuzima kila dakika huwa ni plagi iliyobanwa vibaya, faiba chafu, au upande mmoja umelazimishwa kasi na mwingine uko kwenye kujipangia. Weka pande zote mbili sawa.

Majaribio ya mwisho yafanyike na mtu wa SCADA akiwa kwenye simu. Ingiza mkondo kwa kifaa cha majaribio, asome thamani kwako na kwake. Badilisha hali ya kontakti moja, aseme imefika saa ngapi. Kwenye FAILOVER chomoa kebo ya kwanza huku `ping -t` ikiendelea, hesabu pakiti zilizopotea, rudisha, chomoa ya pili. Zima swichi moja. Mwishoni, kwa kibali, ondoa fyuzi ya relei na kuirudisha, uhakikishe imeamka na anwani yake na SCADA imeipata bila mtu kugusa.

Hifadhi faili la mipangilio ya relei, la swichi na SCD mahali pawili, moja nje ya kiwanda. Jedwali la anwani lililokamilika lichapishe, bila maneno ya siri, ulibandike ndani ya mlango wa paneli ya swichi, na tarehe ya mabadiliko ya mwisho iandikwe kwa kalamu na aliyefanya.